Mtoto Akienda Chuoni Siku ya Alhamisi

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari waliotembelea chuo cha ufundi stadi

Ndugu mwenyekiti wa bodi, walimu wakuu, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu wanafunzi ambao hasa ndio mliotukusanya hapa: asanteni kwa kuja. Najua baadhi yenu mmeomba ruhusa kazini ili mfike, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye lililonisimamisha.

Mimi nafundisha ufundi umeme. Kwa miaka mingi niliowafundisha walikuwa vijana waliokwisha kumaliza shule. Siku hizi napokea pia wale ambao bado wako sekondari, watoto wa miaka 14 hadi 17, wanaokuja kwetu siku moja kwa wiki. Siku yao ni Alhamisi. Wanafika na mabegi ya shule mgongoni, wanavaa ovaroli juu ya sare, na mpaka mchana unapoisha wanakuwa wangu. Ijumaa asubuhi wanarudi darasani kwao kuendelea na historia na kemia kama wenzao.

Ni hiyo Alhamisi ninayotaka tuizungumze. Nimeiona ikiwa siku ambayo mtoto anaihesabia vidole tangu Jumapili. Nimeiona pia ikiwa siku ya kupotea bure, mtoto amejikunyata pembeni ya karakana akingoja basi la kurudi. Kozi ni ileile, mwalimu ni yuleyule. Kilichotofautiana ni jinsi sisi watu wazima tulivyopanga mambo kabla mtoto hajavuka lango.

Nianze na ile mbaya, kwa sababu nami nilishiriki kuifanya.

Mwaka wa kwanza tulipokubaliana na shule moja, tuliletewa orodha ya majina 20. Hatukuuliza majina hayo yamepatikanaje. Wiki ya tatu ndipo nilipomuuliza kijana mmoja kwa nini alichagua umeme, akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba asiyoijua. Hakuchagua. Hakuna hata mmoja aliyechagua. Waliitwa majina kwenye mstari wa asubuhi, na kila aliyeitwa alijua maana ya kuitwa: watoro, wabishi, wale ambao alama zao zingeshusha wastani wa shule. Alhamisi ilikuwa siku ya shule kupumua. Na watoto si wajinga, mtu akikuondoa mahali unajua kabisa kwamba umeondolewa. Kufikia muhula wa pili nilibaki na 9. Vifaa nilikuwa navyo, hamu ya kufundisha nilikuwa nayo, ila mtoto mwenye nia ya kuwa pale sikuwa naye. Kosa lile lilikuwa letu chuoni kama lilivyokuwa la shule. Tulipaswa kuirudisha orodha siku ileile.

Tangu hapo tulibadili utaratibu. Kabla ya mtoto kuandikishwa, anakuja wiki kadhaa za kuonja. Wiki hii anashika bisibisi na testa kwangu, wiki ijayo anapiga randa kwa seremala, nyingine anakaa kwenye cherehani, nyingine anapanga matofali kwa kamba na pima maji. Halafu anarudi nyumbani, anazungumza na mzazi, anajaza fomu mwenyewe kwa mwandiko wake. Wapo wanaoonja kote na kusema hapana, nataka kubaki na masomo yangu yote shuleni. Tunawashukuru na tunawaaga vizuri. Hapana ya mtoto wa namna hiyo ndiyo inayoipa uzito ndiyo ya mwenzake.

Sasa niwaeleze Alhamisi njema.

Kuna zoezi ambalo kila fundi umeme amelipitia, la taa ya ngazi. Taa ni moja, swichi ni mbili, moja chini ya ngazi na nyingine juu, na kila swichi inaweza kuwasha au kuzima hata mwenzake akiwa amekaa vipi. Karakanani tunalifunga zoezi hili kwenye ubao. Siku moja binti wa miaka 15 alimaliza kufunga, tukakagua kwa macho, tukaingiza umeme, taa ikawaka. Akatabasamu. Akabonyeza swichi ya pili, taa ikazimika, ndivyo inavyotakiwa. Akabonyeza ya kwanza, ambapo sasa ilipaswa kuwaka tena. Ikabaki giza.

Nilinyamaza. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ualimu wa ufundi, kunyamaza wakati mikono yako mwenyewe inawasha. Alichukua daftari lake la shule akachora jedwali dogo: swichi ya kwanza juu au chini, swichi ya pili juu au chini, jumla hali nne. Akazijaribu moja baada ya nyingine na kuandika taa inafanya nini. Taa iliyofungwa sawasawa huwaka katika hali mbili kati ya nne. Ya kwake iliwaka katika moja tu. Akazima umeme kwenye swichi kuu, akapima kwa testa kuhakikisha ubao umekufa, kisha akaanza kufuata waya wa moto kwa kidole kutoka mwanzo. Dakika 40 hakuinua kichwa. Kidole kilipofika kwenye swichi ya kwanza, kikasimama. Waya wa moto ulitakiwa uingie kwenye tundu la pamoja, lile linalohudumia pande zote mbili za swichi, na yeye alikuwa ameuchomeka kwenye tundu la mmojawapo wa nyaya zinazokwenda swichi ya pili. Alilegeza skrubu mbili, akabadilishana nyaya, akakaza, akavuta kila waya kidogo kuona kama umekamata. Umeme uliporudi, taa ilimtii katika hali zote nne.

Nyuma yake alikuwa amesimama mwalimu wake wa fizikia, aliyewasindikiza siku ile. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba darasani binti huyu hamalizi zoezi la dakika 10. Nilimwamini. Lakini wote wawili tulikuwa tumemwona akikaa na tatizo moja dakika 40 bila kusukumwa na mtu, akitumia jedwali ambalo hakuna aliyemwagiza alichore. Wiki iliyofuata mwalimu yule aliomba ubao wetu, akaubeba mpaka shuleni, na akaanza nao somo la sakiti mbele ya darasa zima, wakiwemo wasiokuja chuoni. Hapo Alhamisi ikawa imeingia ndani ya Ijumaa.

Walimu wakuu, kama kuna jambo moja ninaloomba mlibebe kwenda nalo, ni hilo. Mleteni mwalimu pamoja na watoto, na asiwe wa kuhesabu vichwa tu kwenye basi. Awe mwalimu wa somo, akae karakanani, aone. Tukifanya kazi bila kujuana, mtoto anakuwa na maisha mawili yasiyosalimiana. Shuleni hakuna anayejua alichofanya Alhamisi, na chuoni hakuna anayejua kama ameshafika kwenye sehemu ya sakiti au bado yuko kwenye mizani.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna hazina hapa ambayo hatuitumii. Neno fundi na neno mwanafunzi ni ndugu. Kufunda, kufundisha, kufunza, kujifunza, mafunzo, mwanafunzi, fundi: huo ni ukoo mmoja. Waliotuachia lugha hii hawakuwagawa wenye kufundwa akili na wenye kufundwa mikono kuwa watu wa madaraja mawili. Fundi kwao alikuwa mtu aliyejifunza mpaka akaiva. Mgawanyo tulio nao leo, wa mwanafunzi huku na fundi kule, haukutoka kwenye lugha yetu.

Nije kwenye wasiwasi wenu, maana niliusikia leo asubuhi pale mlangoni. Mzazi mmoja alisema, mwalimu, mshika mbili moja humponyoka.

Mzazi huyo ana hoja. Siku moja ni sehemu ya tano ya wiki ya shule. Kama siku hiyo ina vipindi viwili vya hisabati na hakuna anayevifidia, basi kwa mwaka wa wiki 36 za masomo mtoto amekosa vipindi 72. Deni hilo halilipwi na kozi ya umeme, iwe nzuri namna gani, kwa kuwa umeme wenyewe unadai hisabati. Chukueni hita mbili za wati 2,000 kila moja, kwenye umeme wa volti 230. Zinavuta ampea zaidi ya 17. Mtu akizichomeka zote kwenye ekstensheni iliyotengenezwa kubeba ampea 10, waya unapata joto, plastiki inalainika, na kinachofuata ni moto. Kugawanya 4,000 kwa 230 ni hesabu ya darasani, na ni hiyohiyo inayolinda nyumba ya watu. Waashi nao wanajua: anayeweka kona ya msingi anapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kama mshazari haukutoa mita 5 kamili, kona haijakaa, na ukuta wote utakaosimama juu yake utakuwa umepinda. Mtoto anayeondolewa kwenye hisabati ili aje kwangu, ananijia na mkono mmoja.

Kwa hiyo suala ni ratiba, na ratiba inapangika. Marekani wamezoea utaratibu wa nusu siku: vituo vya ufundi vinavyohudumia shule kadhaa za jirani, mwanafunzi yuko shuleni kwake asubuhi na kituoni mchana, au kinyume chake. Faida yake ni kwamba hakuna siku inayopotea nzima. Hasara yake ni basi, kila siku kwenda na kurudi. Njia ninayoipendelea mimi ni nyingine. Shule ikusanye masomo yote ya kuchagua kwenye siku moja. Siku hiyo wengine wako kwenye sanaa, wengine kwenye kompyuta, wengine kwenye lugha ya kigeni, na wengine wako kwetu. Hakuna anayekosa hisabati wala lugha, kwa sababu masomo hayo hayamo kwenye siku hiyo kabisa. Inahitaji mwalimu wa taaluma mwenye subira na karatasi kubwa. Nimeona shule zikiiweza.

Pale shule inaposhindwa kupanga hivyo, nasema wazi hata kama wenzangu chuoni hawatafurahi: mzazi, usitie sahihi.

Wasiwasi wa pili ni mzito zaidi na mara nyingi hausemwi kwa sauti. Ni kwamba mtoto wangu anapelekwa njia ya chini. Kwamba watoto wa wengine watakuwa madaktari na wangu atashika nyundo.

Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu, na sitawatuliza kwa maneno matamu, kwa sababu historia iko upande wa mzazi mwenye hofu. Mwaka 1917 Marekani ilipitisha Sheria ya Smith-Hughes, iliyoleta fedha za serikali kuu kwenye elimu ya ufundi katika shule za sekondari. Nia ilikuwa nzuri. Lakini elimu hiyo iliwekewa fedha zake, bodi zake na walimu wake, mbali na masomo mengine. Mwanafalsafa John Dewey alikuwa ameshaonya mwaka 1915 dhidi ya utengano wa namna hiyo. Hakuwa na ugomvi na kazi za mikono, alitaka watoto wote wazishike. Alichokataa ni elimu inayomtengeneza mtoto ili atoshe kwenye mashine iliyopo na asiweze kuibadilisha. Hakusikilizwa vya kutosha. Kwa miongo iliyofuata, watoto wa maskini, wa wahamiaji na wa Weusi walijikuta wakielekezwa kwenye njia ya ufundi kwa wingi, mara nyingi bila kuulizwa, na njia ile haikuwa na kona ya kurudi.

Uingereza nayo ina somo la kutufundisha, na la karibu zaidi. Kuanzia mwaka 2002 serikali ilifadhili mpango wa wanafunzi wa miaka 14 hadi 16 kusoma sehemu ya wiki vyuoni, mpango unaofanana sana na Alhamisi yetu. Lakini wakati huohuo shule zilikuwa zikipimwa kwa majedwali ya matokeo, na baadhi ya vyeti vya ufundi vilihesabiwa kuwa sawa na masomo manne, vingine hata sita. Mnaona kinachofuata. Cheti kimoja chepesi kikampandisha chati mwalimu mkuu, na mtoto akabaki na karatasi ambayo mwajiri hakuihitaji na chuo kikuu hakikuitambua. Mwaka 2011 Profesa Alison Wolf alitoa ripoti aliyoombwa na serikali, akaeleza kwamba vijana wasiopungua 350,000 wa miaka 16 hadi 19 walikuwa kwenye masomo yasiyowafaa kitu au yanayowafaa kidogo sana. Kuanzia majedwali ya mwaka 2014, cheti kimoja kikawa kinahesabiwa kama somo moja, basi.

Na yuko Philip Foster, mtafiti wa elimu aliyewachunguza wanafunzi wa sekondari nchini Ghana na kuchapisha mawazo yake mwaka 1965. Wakati ule wakubwa walikuwa wakilalamika kwamba vijana hawapendi ufundi na kilimo, kwamba shule imewapumbaza. Foster aliona tofauti. Vijana walikuwa wamepiga hesabu zao vizuri. Kazi za ofisini ndizo zilizokuwa na mshahara na heshima, kwa hiyo kwao masomo ya nadharia ndiyo yaliyokuwa ufundi halisi, ndiyo yaliyoleta riziki. Kubadili mtaala huku ujira wa fundi ukibaki vilevile, alisema, hakutabadili nia ya kijana.

Nimewaletea hayo matatu ili mjue kwamba hofu yenu ina akili ndani yake. Njia ya ufundi inakuwa ya chini pale inapotengwa, pale cheti chake kinapokuwa pambo la takwimu za mtu mwingine, na pale jamii inapomlipa fundi mabaki. Mawili ya mwanzo yako mikononi mwetu tulio ndani ya ukumbi huu. La tatu ni letu pia, kila mara tunapopatana na fundi aliyetufanyia kazi safi na tukataka atupunguzie kwa sababu eti ni fundi tu.

Lakini iko nchi ambayo mambo haya yamekaa vizuri kiasi cha kutufundisha. Uswisi, vijana wapatao theluthi mbili huchagua mafunzo ya ufundi baada ya elimu ya lazima. Wengi wao wanakuwa kazini siku tatu au nne za wiki na shuleni siku moja au mbili, kwa miaka mitatu au minne. Wamo wa mabenki, wamo wa maabara, wamo wa paa na mabomba. Kinachonivutia kwao kuliko vyote ni mlango wa kutokea. Tangu mwaka 1994 wana cheti kinachounganisha ufundi na masomo ya jumla, na mwenye nacho anaingia vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Baadaye wakaongeza mtihani wa daraja, kwa anayetaka kuvuka mpaka chuo kikuu cha kawaida. Si kila kijana anavuka. Ila anayeanza na miaka 15 akiwa fundi umeme anajua tangu siku ya kwanza kwamba daraja lipo, na mzazi wake anajua.

Ujerumani wana jambo lingine ninalolitamani. Mtihani wa mwisho wa mwanagenzi hautungwi na kusahihishwa na aliyemfundisha peke yake. Unasimamiwa na vyama vya wafanyabiashara na mafundi, na mezani wanakaa wawakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi na walimu. Kijana akifaulu, mafundi wenyewe ndio waliosema anaweza. Cheti cha namna hiyo hakihitaji kutafutiwa heshima.

Kwa hiyo, wazazi, mnapopewa fomu leo, msiulize kwanza kozi ina jina gani. Ulizeni cheti chake kinatolewa na nani na kinatambuliwa na nani. Ulizeni mtoto akimaliza anaweza kuendelea na ngazi gani inayofuata, na kama akibadili mawazo baada ya mwaka anarudi wapi. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, ulizeni tena. Ni haki yenu.

Halafu ingieni karakana. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo brosha zinapodanganya. Hesabuni mashine, kisha hesabuni watoto. Karakana yenye mashine moja ya kuchomelea na wanafunzi 24, katika kipindi cha saa tatu, ina dakika 180 za kugawana. Kila mmoja anapata dakika saba na nusu, na hapo hatujatoa muda wa kuwasha, kubadili elektrodi na kumngoja mwenzako avue glavu. Dakika saba na nusu kwa wiki hazimfanyi mtu fundi, zinamfanya mtazamaji. Tazameni sakafu. Karakana inayofanya kazi ina vumbi la mbao, ina vipande vya nyaya, ina chuma chenye alama za tupa. Sakafu inayong'aa na zana zilizopangwa kwenye kabati zikiwa na kufuli lenye kutu inaeleza habari yake yenyewe. Muulizeni mwanafunzi mmoja, si mwalimu, wiki iliyopita ulifanya nini kwa mkono wako. Akianza kuwasomea madaftari, mmeshajua.

Tazameni na kinga. Miwani, glavu, buti, kizima moto kinachofikika, sanduku la huduma ya kwanza ambalo kweli lina bandeji ndani. Hawa ni watoto, na sheria inawatambua hivyo. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaruhusu kazi inayofanywa shuleni na kwenye taasisi za mafunzo kama sehemu ya elimu, na unaruhusu hata mazoezi mahali pa kazi kwa aliyefikisha miaka 14, mradi ni sehemu ya kozi inayosimamiwa na shule au chuo. Kazi ya hatari umri wake ni miaka 18, na kushuka mpaka 16 kuna masharti ya ulinzi na mafunzo maalumu. Nalitaja hili kwa sababu nimewahi kumtembelea mwanafunzi aliyepelekwa kufanya mazoezi kwenye karakana fulani ya watu binafsi, nikamkuta mwezi wa pili anafagia na kubeba vyuma kwenye lori. Hakuwa ameshika kipimo hata mara moja. Alipoulizwa alisema yuko mafunzoni. Hakuwa mafunzoni, alikuwa kibarua asiyelipwa, na sisi tuliomtuma tulichelewa kwenda kuona. Tulimtoa siku ileile. Chuo kikisema kina mazoezi ya kazini, ulizeni mwalimu anakwenda kuwakagua mara ngapi na nani anaandika wanachojifunza.

Neno moja kuhusu mabinti. Kila mwaka fomu zinarudi zikiwa zimejigawa zenyewe, wasichana ushonaji na urembo, wavulana umeme na magari, kama vile kuna aliyewaamuru. Ushonaji ni kazi ya akili nyingi na nauheshimu sana; anayekata kitambaa bila kupoteza anafanya jiometri. Lakini binti akiandika umeme, mama, usimwambie hiyo ni ya kiume. Mmeshasikia habari za jedwali la hali nne.

Ninyi wanafunzi nimewaweka mwisho kwa makusudi, ili wazazi wawe wameshasikia.

Hamkuja hapa kwa sababu mmeshindwa kitu. Kama kuna aliyewaambia hivyo, amewaambia uongo, hata kama alikuwa na nia njema. Umeme haujali ulipata alama ngapi, unajali umefunga nini. Utakosea, na hapa kukosea kunaonekana papo hapo: taa haiwaki, mlango haufungi, mshono unavuta upande. Wengine mmezoea kosa linalorudi baada ya wiki mbili likiwa na wino mwekundu. Hapa litakutazama usoni ukiwa bado umeshika bisibisi, na una dakika za kulitafuta mwenyewe. Wengine wenu mtagundua kwamba hamuupendi ufundi. Semeni mapema, wala msione haya. Wengine mtamaliza kozi na kwenda kusomea sheria au uuguzi, na maisha yenu yote mtajua kusoma mchoro na kukataa kazi mbovu. Wengine mtabaki kwenye ufundi, na nitafurahi, lakini nataka mbaki kwa kuwa mmechagua mkiwa na mlango mwingine wazi mgongoni.

Na msidharau Ijumaa. Anayekuja kwangu Alhamisi na kutoroka darasani siku nyingine zote nitamrudisha, na wapo wanaonijua hapa wanaoweza kuwaambia kwamba nimefanya hivyo.

Fomu ziko kwenye meza ya nyuma. Hazirudishwi leo, nendeni nazo nyumbani, zirudi baada ya wiki za kuonja. Karakana ya kwanza kulia ni ya umeme, na ndani yake kuna wanafunzi sita wa sekondari, kila mmoja na ubao wake wa taa ya ngazi. Kwenye ubao mmoja nimefunga waya mahali pasipofaa kwa makusudi, na hawajaambiwa ni upi. Ingieni kwa makundi madogo, simameni nyuma yao, na tafadhali msiwasaidie. Miwani ya kinga iko kwenye ndoo mlangoni, kila anayeingia avae.